Vidonge vya Rangi Mbili na Mafua
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya kamati ya chama cha msingi)



Nilikuja kukagua vitabu vya duka lenu, wala sikukusudia kunena habari za maradhi. Lakini katika orodha ya bidhaa, baina ya chumvi na mafuta ya taa, nimekuta kopo la vidonge vya rangi mbili, yaani tetrasaiklini. Karani amenieleza kuwa huuzwa viwili viwili kwa wenye mafua. Hasara yake haionekani katika mizania, ndiyo maana nimeomba nafasi hii.

Mafua huletwa na virusi, navyo ni vya aina zaidi ya 200. Dawa za antibiotiki huua bakteria. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, hubomoa ukuta wa bakteria. Virusi havina ukuta huo, basi dawa haina cha kubomoa. Mtu husema, “Nilimeza, siku ya tano nikapona.” Hata asingemeza angepona, kwani mafua huisha yenyewe, aghalabu kwa siku 7 hadi 10. Makamasi kugeuka kijani, peke yake, si sababu ya kumeza vidonge.

Ingekuwa ni fedha tu zinazopotea, ningeandika hoja yangu nikaondoka. Lakini vidonge hivyo huua bakteria dhaifu waliomo mwilini, huacha walio sugu, nao huambukiza wengine. Siku mtoto wa jirani atakaposhikwa na nimonia, dawa iliyozoeleka yaweza isimfae. Fleming mwenyewe alitoa onyo hilo mwaka 1945, alipopewa Tuzo ya Nobel. Tena tetrasaiklini hutia madoa ya kudumu katika meno ya watoto walio chini ya miaka 8.

Mwenye mafua apumzike na kunywa maji kwa wingi. Ila mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea avutapo pumzi, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Huyo ndiye antibiotiki zilitengenezwa kwa ajili yake.

Naomba kamati iamue leo: bidhaa hiyo ifutwe katika maagizo, vilivyobaki vihesabiwe na kukabidhiwa zahanati kwa hati iliyotiwa sahihi, na gharama iandikwe kuwa hasara ya duka. Ama kuhusu kibali cha kuuza dawa, ambacho duka halina, hoja yangu ya ukaguzi itabaki pale pale.