Litowa Kabla ya Malori



Vyuoni kwetu imezoeleka kusemwa kwamba kijiji cha ujamaa kilizaliwa kwa amri, mkulima akasombwa kwa lori la Operesheni Vijiji na kutupwa porini. Ya miaka ya 1970 mnayajua, sitayarudia. Ninachokataa ni kuitia Litowa katika kapu hilo.

Litowa, hapa hapa Songea, ilianzishwa mwaka 1960 na vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Nchi haikuwa imepata hata uhuru. Azimio la Arusha lilikuwa bado miaka saba. Ni amri ipi iliyowapeleka, na ilitolewa na serikali gani?

Wakibanwa hapo, wenzetu hukimbilia kwa Mwingereza Ralph Ibbott, mshauri wa kijiji: basi ujamaa huo ulikuwa wake. Nawarudisha kwenye kitabu cha Ibbott mwenyewe, kilichotoka mwaka 2014. Nakipenda kitabu hiki kuliko maandiko yote ya wachumi kuhusu ujamaa, maana mwandishi wake ni mshauri anayejua ushauri unakoma wapi. Alipohamia Litowa na familia yake, alikuta watu wameshafyeka. Anachotusimulia ni mikutano ya wanakijiji, watu wakijadiliana na kuamua wenyewe. Mwenye mali haandiki hivyo.

Nilipofika Litowa nilimkuta bibi mmoja akipepeta mahindi uani. Nilimuuliza kuhusu mavuno ya enzi zile. Akanijibu kuhusu vikao. Alisimama, akampinga mzee mwenye sauti kubwa mbele ya wanaume wote, hoja yake ikapita. Akanitajia mpaka mahali alipokuwa amekaa, ungo ukiendelea kwenda mikononi mwake. Aliyeburuzwa hasimulii hivyo.

Nakubali kwamba fedha za wafadhili zilisaidia, na kwamba vijiji 17 hivi vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chama kilichoiunganisha Litowa na wenzake, havikulingana uimara. Lakini fedha hazimfundishi mtu kusimama kikaoni. Shule ya Litowa chini ya Suleman Toroka ililea watoto wa vijiji hivyo kwa kalamu na jembe, na chama kikawa na mashine yake ya kusaga na kiwanda cha mbao.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho, mali zake zikachukuliwa. Hata hivyo Matetereka, kimojawapo cha vijiji vyake, iliendelea kulima kwa pamoja kwa miaka mingi. Kwangu mimi hilo linamaliza ubishi: wakulima wa Ruvuma waliuweza ujamaa, walioshindwa kuuvumilia ni viongozi.

Songea ina Makumbusho ya Maji Maji, na ni haki yake. Litowa haina hata chumba cha kuhifadhi daftari za vikao vyake. Waliokaa katika vikao hivyo wanazeeka. Naomba idara yetu ianze kuwahoji muhula huu huu, kabla ya masika kukata barabara.