Pikipiki Inapozimika Njiani: Kabla ya Kununua Spea, Angalieni Mafuta

Maelezo yaliyotolewa kwa madereva wa bodaboda na wamiliki wa pikipiki mkoani Singida

Tunafahamu kwamba saa moja ya kukaa hapa ni abiria kadhaa waliopita kijiweni bila ninyi, kwa hiyo tutaingia katika jambo lenyewe bila kuzunguka.

Jambo lenyewe ni pikipiki inayowaka lakini haikai. Unapiga kiki, inanguruma, unaachia mkono wa mafuta, inazima. Au inakwenda vizuri kilomita kumi, kisha inakohoa na kunyamaza porini.

Asiye dereva anaweza kudhani ni usumbufu tu. Tuchukue mfano wa kijana mwenye chombo cha mkataba, ambaye kila jioni anampelekea tajiri hesabu ya shilingi 10,000. Chombo kikizimika kati ya Ikungi na Sepuka, abiria hushuka, hesabu haishuki. Fundi wa kwanza anasema plagi, inanunuliwa. Wa pili anasema koili. Wa tatu anashauri kabureta nzima ibadilishwe. Siku ya nne chombo bado kinazima, deni limefika mahali pabaya, na kumbe ndani ya tanki mlikuwa na maji tangu siku ya kwanza. Hatusemi mafundi hao ni wabaya. Tunasema spea zilinunuliwa kabla ya kujua ni kitu gani kinachokosekana.

Injini ya pikipiki huhitaji petroli safi, hewa na cheche, kila kimoja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Sisi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kazi yetu inahusu hicho cha kwanza, lakini ukaguzi wa haki hauwezi kukitenga na vingine. Mtu akija kwetu kulalamikia mafuta ilhali chujio lake la hewa limejaa vumbi, hatutamsaidia yeye wala hatutamtendea haki mwenye kituo.

Anzeni na yasiyogharimu kitu. Swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani haijaguswa? Koki ya mafuta iko wazi, au imebaki upande wa akiba na akiba yenyewe imekwisha? Choki imerudishwa? Tunasikitika kusema kwamba kuna fedha nyingi huishia kwa fundi kwa sababu ya choki iliyoachwa imevutwa.

Kisha chukueni petroli iliyomo ndani ya chombo muitazame. Chini ya bakuli la kabureta mna skrubu ndogo ya kutolea mafuta. Injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara na cheche yoyote, fungueni skrubu hiyo na mkinge mafuta kidogo katika chupa safi ya kioo. Iacheni itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwapo yatakaa chini na mpaka utaonekana kwa macho. Rudieni hivyo kwa mafuta ya tanki. Maji yakionekana, dawa ni kumwaga yote, kusafisha tanki na bakuli, na kujaza upya. Plagi mpya haitasaidia lolote. Lakini msikimbilie kumlaumu muuzaji: maji ya mvua hupenya pia kwenye kifuniko cha tanki ambacho mpira wake umechoka.

Mafuta ya taa ni hadithi nyingine, kwa kuwa yakichanganywa na petroli hayajitengi. Dondosheni tone moja la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi huruka upesi na karatasi hubaki karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa hukawia kukauka na huacha doa la mafuta. Hii ni dalili tu. Ushahidi wa kisheria hutoka maabara.

Wakubwa kati yenu wanakumbuka miaka ambayo uchakachuaji ulikuwa wimbo wa kila mtaa. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, basi wajanja waliyachanganya na dizeli na petroli na kujipatia tofauti. Mwaka 2010 tulianza mpango wa kuweka vinasaba katika mafuta, yaani kiashiria maalumu kinachoongezwa kwa kipimo kabla mafuta hayajasambazwa, ili mkaguzi akipima kituoni ajue kama yamepunguzwa au kuchanganywa. Bajeti ya mwaka 2011/12 nayo ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, na faida ya kuyachanganya ikapungua mno.

Ulinzi huo wote, hata hivyo, unaishia kwenye pampu. Petroli ikishatoka sheli ikaingia katika kidumu, ikapelekwa kijijini na kupangwa barabarani katika chupa za maji ya kunywa, hakuna kinasaba kinachoweza kutuambia ni nani aliongeza nini na wapi. Chupa hiyo hukaa juani, na sehemu nyepesi za petroli, zile zinazosaidia injini kuwaka, ndizo za kwanza kuruka. Kipimo chake pia hakijathibitishwa na Wakala wa Vipimo kama ilivyo pampu ya kituo. Na kuuza petroli bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, achilia mbali hatari ya moto nyumbani kwa muuzaji.

Mtatuuliza, na mna haki: huko ndani ya Mkalama au Itigi ambako sheli iko mbali, tufanyeje? Hatuwezi kuwajibu kwa kuwasomea sheria peke yake. Ndiyo maana masharti ya kujenga vituo vya vijijini yamelegezwa, ili mwenye mtaji mdogo naye aweze kupata leseni, na tunawaomba viongozi wa vijiji wawahimize wafanyabiashara wao kuitumia nafasi hiyo. Wakati huo ukisubiriwa, jazeni tanki mjini kabla ya safari ndefu.

Mafuta yakionekana safi, sikilizeni chombo kinazimaje. Kikikwenda vizuri mkono ukiwa wazi lakini kikazima kwenye mngurumo wa chini, ule mafundi wanaouita silensa, shaka ya kwanza ni skrubu ya silensa iliyolegea au kitundu chembamba cha kabureta kilichoziba. Kikikubali kukaa kwa choki tu, kinapata petroli kidogo kuliko hewa: kuna jeti iliyoziba, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Kikitoa moshi mweusi na plagi ikatoka na masizi makavu, hewa ndiyo inayokosekana. Tapeti zilizobana nazo huleta kuzima kwa silensa, hasa injini ikishapata moto, na kuzirekebisha ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayejua.

Ile ya kuzima baada ya kilomita kadhaa na kuwaka tena baada ya kupumzika inahitaji uangalifu, maana visababishi viwili tofauti hufanana. Kikizima tu, simameni na mfungue kifuniko cha tanki. Mkisikia hewa ikiingia kwa kishindo na chombo kikawaka baada ya muda mfupi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Kulizibua hakununuliwi. Kama hakiwaki, funikeni tanki vizuri, na plagi ipimwe cheche papo hapo injini ingali ya moto. Cheche ikikosekana wakati wa moto na kurudi ikipoa, hapo ndipo koili inapostahili kushukiwa.

Vumbi letu nalo lisisahaulike. Miezi ya kiangazi barabara za Singida hulijaza chujio la hewa haraka kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyokadiria. Chujio la sponji huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na likichakaa hubadilishwa. Wapo wanaoliondoa kabisa ili chombo kiwe chepesi. Kwa maoni yetu hiyo ni kuuza injini kwa bei ya chujio, kwa sababu mchanga hula ringi za pistoni bila kelele.

Ikibidi kununua spea, dai risiti, na mwambie fundi akurudishie ile ya zamani. Spea bandia ipelekwe Tume ya Ushindani, FCC. Kuhusu mafuta, msipokee petroli bila risiti ya mashine, hata ya lita moja. Chombo kikianza kuzima mara baada ya kujaza, msiendelee kukiendesha na msimwage kila kitu: bakizeni mafuta kidogo katika chombo safi cha chuma chenye kifuniko, andikeni tarehe, saa na namba ya pampu, kisha mrudi kituoni kwanza mkatoe malalamiko yenu kwa maandishi na kubaki na nakala. Mwenye kituo asipowaridhisha, tuleteeni nakala hiyo pamoja na risiti. Risiti ndiyo inayotuonyesha ni kituo gani na siku gani, na mkaguzi ataanzia hapo.