Kipigo ni Kipigo

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kiko wazi: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, awe mume au mke. Lakini hapa Morogoro, mjini hata milimani Uluguru, mke akipigwa huambiwa avumilie. Mume akipigwa huchekwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha asilimia 58 ya wanawake na 40 ya wanaume wakikubali kuwa zipo sababu za mume kumpiga mkewe. Tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Wazee wa ukoo, mashehe, wachungaji: aliyeumizwa, yeyote yule, msimrudishe kwa aliyempiga. Mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.