Kabla Gari Halijavuka Feri: Malipo na Vifaa kwa Wazimamoto wa Kujitolea wa Timbwani

Moto ukizuka Timbwani, huko Likoni, anayefika kwanza ni jirani. Anafika na ndoo, kandambili miguuni, na pengine nyuma yake kuna abiria wa bodaboda aliyeachwa njiani au mkokoteni wa maji uliokuwa ukielekea kwa mteja. Gari la zimamoto likitumwa kutoka kisiwani Mombasa lina njia mbili: kuvuka kwa feri ya Likoni, au kuzunguka kupitia Miritini na Dongo Kundu. Hata likipishwa foleni kivukoni, linabaki na kivuko chenyewe, kisha barabara ya Lunga Lunga, kisha vichochoro. Makuti hayasubiri yote hayo, hasa kaskazi ikivuma.

Na watu wenyewe si wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 250,358 katika kaunti ndogo ya Likoni, ilhali Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171.

Ujenzi nao una historia yake. Katika mitaa mingi ya Mombasa, watu wameishi kwa utaratibu wa nyumba bila shamba: nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja. Wenye ardhi hawakupenda mpangaji ajenge kwa mawe, kwa kuwa nyumba ya mawe ni taabu kuiondoa. Ndiyo maana fito, udongo, makuti na mabati vikabanana. Shamba la Waitiki hapo Likoni, ekari 930, lilivamiwa mwaka 1997, na serikali baadaye ikalinunua kwa Sh1.1 bilioni. Hati zilipoanza kutolewa Januari 2016, watu walikuwa wameshajenga. Hati ilimpa mtu ardhi. Haikumpa kichochoro upana wa lori. Ongeza stima ya sambaza, yaani ya kuunganishwa kinyemela, inayopita juu ya mabati, ambayo lazima ikatwe kabla mtu hajamwaga maji, na utaona kwamba ujasiri peke yake unaweza kuua.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Askari wa zimamoto aliyeajiriwa ana mshahara, na akiumia ana Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu mwenye mkataba wa kazi. Jirani aliyeporomoka na paa hana mkataba na yeyote, na bili yake ya hospitali hugeuka mchango wa mtaa. Kwa hiyo hata leo kazi ya kujitolea inalipiwa, ila anayelipa ni mke wa majeruhi, mwajiri wake na majirani zake.

Nchi hii haikosi mifano. Sheria ya misitu ya 2016 inavitambua vyama vya jamii vya misitu, na kusaidia kuzima moto ni miongoni mwa wajibu wake. Kwa upande mwingine wanachama hupata haki kama kuokota kuni na kulisha mifugo. Ni malipo, ingawa hayahesabiwi kwa shilingi. Timbwani haina msitu wa kubadilishana. Jirani zetu Watanzania, moto ulipoitafuna Kilimanjaro Oktoba 2020, waliona wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wanavijiji wakipanda mlima bega kwa bega na askari wa hifadhi. Sifa walizipata kwa wingi. Sifa hazinunui buti.

Mfano ulio karibu zaidi uko kwenye afya. Septemba 2023 serikali ilizindua ugavi wa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na posho ya Sh5,000 kwa mwezi ikapangwa kulipwa nusu na serikali kuu, nusu na kaunti. Malalamiko ya posho kuchelewa yamesikika, lakini msingi uliwekwa: mtu wa mtaa anaweza kutambuliwa kwa jina, akafunzwa, akapewa kifaa.

Je, wazimamoto wa mtaa nao wapewe Sh5,000 kila mwezi? Mhadhara huu unasita. Mgonjwa hutembelewa kwa ratiba. Moto hauna ratiba. Posho ya kila mwezi isiyo na pampu huzaa orodha ya majina, na orodha za namna hiyo zina tabia ya kurefuka uchaguzi ukikaribia. Australia ilichukua njia nyingine mwishoni mwa Desemba 2019, nyika za New South Wales zikiwaka: wa kujitolea waliojiajiri au waliotoka kampuni ndogo na za kati, waliokuwa wameitwa zaidi ya siku kumi, waliahidiwa dola 300 za Australia kwa siku, kikomo dola 6,000. Hiyo ilikuwa fidia ya riziki iliyopotea. Mwendesha bodaboda wa Timbwani ni mtu wa aina hiyo hiyo: siku asiyoendesha, hali.

Chile nayo, ambako wazimamoto wote ni wa kujitolea tangu kikosi cha kwanza cha Valparaíso mwaka 1851, ina sheria ya 1977 inayowahudumia wanaoumia kazini. Hapo ndipo pa kuanzia: bima kwanza, fidia ya siku baadaye. Katikati ni vifaa, na si vya kifahari. Pampu ndogo ya petroli inayobebeka kwa tuktuk, mipira ya maji, buti, glavu, helmeti, na matangi yanayojazwa maji muda wote, kwa kuwa mifereji ya Likoni hukauka bila taarifa. Vifaa vya kupumulia ndani ya moshi viachwe kwa waliofunzwa. Kitambaa kilicholowa hakizuii gesi ya kaboni monoksidi, na jirani asiingie ndani akidhani kinazuia.

Pesa zitoke wapi? Wengi hutaja mfuko wa dharura wa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaweka kikomo cha asilimia mbili ya mapato ya kaunti kwa malipo yake ya mwaka, na mfuko huo umekusudiwa mambo yasiyotazamiwa. Moto wa makuti wakati wa kaskazi unatazamiwa kama kusi. Mahali pake ni bajeti ya kawaida: mpango wa maendeleo wa mwaka, unaofikishwa bungeni mwa kaunti kufikia Septemba mosi, kisha makadirio ya matumizi, yanayowasilishwa kufikia Aprili 30. Mikutano ya maoni ya umma hufanyika katikati ya tarehe hizo, na diwani wa wadi anatakiwa kuikuta pampu imeshaandikwa, pamoja na bei yake.