Nabii na Shule

Nabii si mpiga ramli. Ni mtu anenaye haki mbele ya mwenye nguvu. Padre Trevor Huddleston alisimamia shule ya misheni ya St Peter's, Rosettenville, katika Afrika ya Kusini. Sheria ya mwaka 1953 ilitaka watoto weusi wapewe elimu ya kuwaweka chini. Yeye akaona heri shule ifungwe kuliko kuitii. Neno zito hilo kwa mwalimu! Lakini kanisa lililoachiwa kusali tu, huku likiamriwa la kufundisha, lina uhuru gani? Mwaka 1960 akawa Askofu wa Masasi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Alikaa hata mwaka 1968, akafuatwa na Askofu Mwafrika, Hilary Chisonga.