Kufuli Ndani ya King'amuzi



Katika Maganzo, mji wa wachimbaji wadogo wa almasi jirani na Mwadui, si ajabu kukuta nyumba yenye televisheni moja na ving'amuzi viwili. Cha kwanza kilinunuliwa kwa ajili ya mpira. Cha pili kwa sababu taarifa ya habari aipendayo mzee wa nyumba haimo katika kile cha kwanza. Mwenye nyumba akiihama kampuni, chombo alichokinunua kwa jasho lake hugeuka sanduku tupu.

Zamani haikuwa hivyo. Redio ya mkulima, iwe ya Philips au ya National, iliinasa Radio Tanzania Dar es Salaam pasipo kumwuliza ana mkataba na nani. Hata ITV ilipoanza mwaka 1994, antena ilitosha.

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Mawimbi ya dijitali yaliyofuata hurushwa kwa viwango vya DVB, ambavyo ni vya wazi; kiwanda chochote chaweza kuunda kipokezi chake. Lakini juu ya kiwango hicho kila kampuni imetia kufuli, na ufunguo umo ndani ya kadi yake. Agosti 2018, chaneli za bure za nyumbani zilipoondolewa katika ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa sababu za leseni, aliyekosa habari ni mtazamaji, ambaye hakuvunja sheria yoyote.

Umoja wa Ulaya uliamuru mwaka 2002 kwamba televisheni ya dijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 iwe na tundu la wazi la kupachikia vifaa. Kampuni za huko hazikufilisika kwa hilo.

Sasa zinaingia televisheni za intaneti, na kufuli linahama kutoka kwenye kadi kwenda kwenye programu inayoiendesha televisheni yenyewe. Samsung wana Tizen, LG wana webOS, Google wana Android. Mwenye programu ndiye aamuaye chaneli ipi itangulie na ipi ifichwe. India imeliona hilo: Aprili 2025 Tume ya Ushindani ya huko iliridhia mapatano ambayo kwayo Google watatoa leseni ya duka lao la programu za televisheni pekee, bila kuwalazimisha watengenezaji kuchukua furushi zima.

Makampuni yatajibu kwamba king'amuzi huuzwa kwa bei nafuu ili kupata wateja. Hoja hiyo ina ukweli wake. Basi na wafunge mpira na sinema wanavyotaka, ila TCRA iagize kwamba chaneli za bure zionekane katika kila chombo kiuzwacho nchini, bila kadi.