Sanamu za Mashujaa, na Bwana Chui wa Goma



Katika somo lililopita tulieleza amri ya kwanza ya Mungu. Baadaye wazazi walituuliza neno ambalo hatukulitazamia. Walisema: "Watoto wetu hukusanya sanamu ndogo za plastiki, mfano wa mashujaa wa sinema, kila moja na ngao yake, na nyundo yake, na kofia yake. Je, hizo ndizo sanamu zilizokatazwa na Mungu? Tuzichome moto?"

Tunajibu: msizichome. Mtoto anayecheza na mtu wa plastiki hamwabudu, wala hamwombi mvua. Amri haikuvunjwa. Lakini kwa kuwa mmeuliza, na tuvitazame vitu hivi vilivyo, maana vina mafundisho ndani yake.

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuuza askari wa plastiki aliyeitwa G.I. Joe. Wenye kampuni waliona shaka kwamba wavulana wangemkataa, kwa sababu wanasesere walihesabiwa kuwa mchezo wa wasichana. Basi wakamtungia jina jingine, yaani mtu wa vitendo. Nao walikuwa na akili ya biashara: mtu mwenyewe alinunuliwa mara moja tu, lakini sare zake, bunduki zake na vyombo vyake vilinunuliwa kimoja kimoja, na mtoto hakuona mwisho wa kutaka.

Mwaka 1977 kampuni nyingine, Kenner, ilipata ruhusa ya kutengeneza sanamu za sinema iitwayo Star Wars. Sinema ikapendwa kupita matazamio yao, na Noeli ikafika kabla sanamu hazijawa tayari. Wakafanyaje? Wakauza sanduku la karatasi lisilo na sanamu hata moja. Ndani mlikuwa na hati ya ahadi, kwamba sanamu nne zingeletwa kwa posta mwaka unaofuata. Na wazazi wakalinunua! Tafadhali msiwacheke. Nasi tumekwisha kununua ahadi nyingi, wala hazikufika kwa posta.

Watoto wale wakakua, na wengi wao hawakuacha kukusanya. Siku hizi kuna watu wazima wanaonunua sanamu na kuiacha katika sanduku lake bila kulifungua hata mara moja, kwa sababu likifunguliwa bei hushuka, na kama bunduki ndogo ya sanamu imepotea, bei hushuka tena. Mwaka 2024 sanamu moja ya Boba Fett, mpiganaji wa sinema ile ile, iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa dola zaidi ya 500,000. Ilikuwa sanamu ya majaribio tu, yenye roketi mgongoni iliyoweza kuruka. Haikuuzwa madukani kamwe, kwani waliogopa mtoto asije akaimeza ile roketi akasongwa. Tazameni: chombo cha kuchezea ambacho hakuna mtoto aliyekichezea, ndicho chenye bei kubwa namna hii. Mnamkumbuka yule mtumishi katika Injili aliyeizika talanta ya bwana wake ardhini? Yeye walau hakulipa chochote ili kuizika.

Sasa turudi Rubaya. Mwaka 2018 ilitoka sinema iliyopendwa sana na Waafrika, iitwayo Black Panther, maana yake chui mweusi. Shujaa wake ni mfalme wa nchi ya kubuniwa, Wakanda, penye mlima wa madini yasiyopatikana pengine. Kwa madini hayo watu wote wa nchi ni matajiri na wenye elimu, na vazi la mfalme limefumwa kwayo, risasi isipite. Sanamu zake zilienea duniani kote. Hatushangai kijana wa Masisi akiipenda hadithi hiyo. Yeye pia anakaa chini ya mlima wa madini. Koltani ya Rubaya hutoa tantali, nayo huingia katika simu na mashine ambazo kwazo watu hutazama sinema. Ila kijana wetu anajua mwenyewe ni magunia mangapi yameteremka kutoka mlimani, na ni nini kilichobaki nyumbani kwao. Wala hana vazi la kumkinga udongo wa shimo ukibomoka wakati wa mvua.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya kweli, wala si katika mchezo wa watoto. Tuseme kijana ametia sanamu hiyo mfukoni anaposhuka shimoni, akiamini itamlinda. Hapo sanamu imekuwa hirizi. Na tuwe wakweli: akitia medali ya Bikira Maria mfukoni kwa mawazo hayo hayo, kana kwamba chuma kile kina nguvu chenyewe, naye amefanya hirizi, hata kama medali imebarikiwa na Padri.

Mtauliza: basi sanamu za kanisani zina kazi gani? Maaskofu waliokutana Nisea mwaka 787 walifundisha kwamba heshima tunayoipa sanamu haibaki katika mti wala katika rangi, bali humfikia yule aliyechorwa. Nasi tunamheshimu ili tumfuate.

Tena angalieni mikono ya watakatifu. Shujaa wa sinema hushika chombo anachompigia adui. Mtakatifu Paulo hushika upanga, lakini upanga huo ndio uliomkata kichwa yeye mwenyewe. Mtakatifu Lorensi amesimama na kitanda cha chuma ambacho, kwa mapokeo ya Kanisa, alichomwa juu yake. Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana wa Kongo yetu, huonyeshwa na skapulari. Aliamriwa aitupe, akakataa, akapigwa mijeledi, akafa kwa majeraha yake mwaka 1909. Skapulari haikuzuia mjeledi, wala Bakanja hakuivaa kwa ajili hiyo.

Nasi katika Kivu tunaye chui wetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Katika Jumuiya ya Sant'Egidio aliwatunza watoto wa barabarani na kuwasaidia waende shule. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 ulifika mchele ulioharibika, nao wenyewe wakampa fedha ili aupitishe. Akafikiri juu ya wale ambao wangeula, akakataa. Wakamteka, wakamtesa, wakamwua mwezi wa Julai, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye heri, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Yeye hakuwa na vazi la kuzuia risasi. Fedha wangeliweza kuzichukua watu wengi katika ofisi yake, na pengine hakuna ambaye angelijua. Watoto waliopona tumbo kwa ajili yake hawajui hata leo kwamba waliponywa.

Ninyi wazazi, jioni ya leo msimnyang'anye mtoto mtu wake wa plastiki. Kaeni naye, mwulizeni shujaa wake ameshika nini mkononi na anakifanyia nini. Kisha msimulieni habari za Bwana Chui, nanyi mwulizeni: tukichonga sanamu yake kwa mti wetu wa hapa, tumtie nini mkononi? Jibu lake mwambieni katekista siku ya Dominika.

Katika somo lijalo tutaendelea na skapulari na medali, na namna ya kuzivaa bila ushirikina.